Karani wa Mizani Anunua Hisa

Peso mbili na senti kumi.
Kwa bei hiyo, mjini Bacolod, hupati hata yai bichi,
lakini mimi nimepata kiwanda,
vipande elfu ishirini na tatu vya kiwanda,
na risiti yenye jina langu lililokosewa herufi moja.

Bi Ludivina, dalali, alivua miwani.
"Mzee Crispulo, kampuni hii inapumulia mdomo.
Sukari ya Tailandi inashuka Iloilo kila wiki,
ushuru umekonda hadi asilimia tano.
Kwa nini usinunue simu, maji, benki,
vitu ambavyo watu hawawezi kuviacha?"
Nikamwambia: andika.

Mimi si mshairi, lakini mizani naijua.
Miaka thelathini na mmoja langoni,
lori likipanda, mshale ukitetemeka,
mimi na kalamu nyuma ya kioo chenye vumbi la makapi.
Nikinusa tu najua kama muwa umekatwa jana
au umelala siku tatu ukichacha njiani.

Na nilijua lingine.
Skrubu moja chini ya bamba, upande wa kushoto,
iliyokazwa robo mzunguko mwaka ule wa ukame
kwa neno la meneja, neno moja, halikuandikwa popote.
Kilo arobaini kwa kila lori.
Kilo arobaini za Hermogenes, za mjane Basilisa,
za yule kijana wa La Castellana aliyeniletea samaki wakavu
kila Desemba, akidhani mimi ni mtu mwema.

Basi shemeji yangu Eustaquio anapocheka mezani,
"umezika kiinua mgongo chako kwenye kaburi lenye bomba la moshi,"
namwacha acheke.
Gawio la mwisho lilitoka mjukuu wangu hajaota meno,
na sasa ananyoa ndevu. Hilo nalijua.
Yeye ndiye hajui ninachonunua.
Ninanunua robo mzunguko.

Nilikwenda mkutano mkuu. Tukapewa wali na kuku ndani ya boksi.
Mwenyekiti akaonyesha michoro: mstari mwekundu ni wetu,
unashuka; wa kijani ni wao, watu wa ng'ambo,
mashamba bapa, mashine zinazofyeka heka kumi kabla ya chai.
"Soko huria la kanda," akasema,
kama mtu anayetaja ugonjwa wa mtu mwingine.
Maswali?
Nikasimama. Magoti yakasema kabla yangu.
Nikauliza mizani ya langoni ilikaguliwa lini mara ya mwisho.
Ukumbi ukaendelea kutafuna.
"Hilo ni swali dogo, mzee."
Kilo arobaini, nikasema. Zidisha mwenyewe.

Wakaandika. Labda waliandika.
Wiki ile bei ikashuka hadi peso moja na senti themanini.

Mchovya asali, wanasema, hachovyi mara moja.
Mimi nilichovya molasi, na kidole bado kinanata.

Sasa ni Julai, msimu mfu. Tanuri zimepoa,
wakataji wamekwenda Manila kubeba zege,
ndege wamejenga ndani ya bomba la moshi.
Jumapili Perpetua aliniwekea kahawa.
Nikaonja. Nikatazama mfuko juu ya friji:
maandishi yaliyojikunja kama mizizi, nisiyoweza kuyasoma.
"Nafuu ya peso kumi na mbili kwa kilo," akasema bila kugeuka.
"Au tutakula hisa zako?"

Nikakoroga.
Punje nyeupe, sawasawa, hazikumkosea mtu.
Ilikuwa tamu. Siwezi kudanganya tena
juu ya uzito wala juu ya ladha.
Nikanywa mpaka kwenye machicha,
kisha nikatoka kwenda dukani kutafuta bisibisi
ndefu ya kufika chini ya bamba,
upande wa kushoto.
Oktoba si mbali.